Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuliokwenda kupasuliwa India tunarudi kuishi hapa

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Nakala kwa Mganga Mkuu wa Serikali na kwa Waheshimiwa Wabunge wanaosimamia masuala ya afya.

YAH: WAGONJWA WANAOKWENDA KUPASULIWA NJE KWA FEDHA ZAO, NA KINACHOWAKUTA WAKIRUDI

Mheshimiwa Waziri,

Nina duka la steshenari jirani na stendi ya mabasi, kwenye mji mdogo wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, naweka vyeti kwenye laminesheni. Tangu mdogo wangu wa kike apasuliwe moyo India mwaka 2022, kuna karatasi moja naitambua hata ikiwa imekunjwa mara nne: makadirio ya gharama yenye nembo ya hospitali juu, jina la mgonjwa limekosewa herufi, na chini kabisa kiasi kwa dola. Mtu akinipa karatasi hiyo nimtolee kopi, namuuliza kabla sijabonyeza mashine: ukirudi, nani atakufuatilia? Mpaka leo hakuna aliyenipa jibu.

Naomba nikusimulie yaliyotupata, kisha nikwambie ninachoomba.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 19. Kwa miaka miwili tulikuwa tunatibu pumu. Alikuwa anakohoa usiku, anashindwa kulala chali, anakaa kitandani ameegemea ukuta mpaka kunakucha. Akitoka kisimani na ndoo ya lita kumi anapumzika mara tatu njiani. Siku tulipofika Mbeya na kufanyiwa ECHO, kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, ndipo tukaambiwa si pumu hata kidogo, ni valvu ya moyo. Ile ya upande wa kushoto, inayoitwa mitrali, imekakamaa na kuharibika. Daktari alituuliza kama utotoni alikuwa anaumwa koo mara kwa mara. Mama akanyamaza. Mafindofindo yalikuwa yanamshika kila masika, na sisi tulikuwa tunampa maji ya chumvi na asali. Daktari akaeleza kwa upole kwamba koo la namna ile lisipotibiwa kwa penisilini linaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikirudiarudia inakula valvu za moyo. Hakumlaumu mama, lakini mama amejilaumu mwenyewe hadi leo.

Tuliandikiwa kwenda Dar es Salaam. Shangazi anayeishi huko akatupeleka hospitali ya binafsi iliyo jirani naye. Makadirio yao yalipita milioni 35. Tulitoka pale hatuongei. Jioni ileile mjomba akaleta namba ya simu ya bwana mmoja "anayepeleka watu India". Siku mbili baadaye tukatumiwa makadirio kwenye WhatsApp: dola 6,500, kila kitu ndani, daktari bingwa, mkalimani wa Kiswahili, gari la kupokelewa uwanja wa ndege. Kwa wakati ule ilikuwa kama milioni 15. Nani angekataa?

Hapa nisimame kidogo, Mheshimiwa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilikwishaanza kazi tangu 2015, pale Muhimbili. Upasuaji wa valvu unafanyika pale. Watu wa Komoro wanavuka bahari kuja kutibiwa moyo hapo. Sisi, Watanzania, tulipita karibu na geti lake kwa daladala tukielekea kwa wakala kulipa kianzio, kwa sababu tulidhani ni mahali pa wakubwa na wenye barua maalumu. Hatukumpata mtu wa kutukalisha chini na kutuambia: huduma hii ipo, utaratibu ni huu, gharama ni hii, ukikosa fedha kuna ustawi wa jamii. Wakala alitufikia kabla yenu, na simu yake ilikuwa inapokelewa hata saa nne usiku.

Tukaunda kamati ya mchango kama ya harusi. Baba aliuza ng'ombe wawili na ekari mbili za mpunga. Mimi nilikopa kwenye kikoba. Majirani walichanga, kanisa likachanga, vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu wakaleta laki moja na arobaini kwenye bahasha. Mimi ndiye niliyemsindikiza.

Chennai, mji wa India tulikopelekwa, sina la kuwalaumu kwa upasuaji. Daktari aliyemfungua mdogo wangu kifua alimfunga salama, na wauguzi walimtunza kama mtoto wao. Aliyepanda ndege akiwa amevimba miguu alishuka amesimama wima. Lakini "kila kitu ndani" kulikuwa na mlango wa nyuma. Makadirio yalihesabu siku tatu za chumba cha uangalizi maalumu, alikaa nane. Malazi yangu hayakuhesabiwa, chakula hakikuhesabiwa, na tiketi tulibadilisha mara mbili. Tuliporudi tulikuwa tumetumia dola 9,800. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba hospitali humlipa wakala kamisheni kwa kila mgonjwa anayemleta. Mkalimani ndiye aliyeniambia, tena kama jambo la kawaida, akidhani najua.

Alipewa valvu ya chuma. Usiku kukiwa kimya, ukilala naye chumba kimoja, unaisikia: tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na kanga. Mama mara ya kwanza aliposikia alilia. Siku hizi akiamka usiku anaikaribia ili aisikie, arudi kulala.

Valvu ile ina sharti moja kubwa. Damu hupenda kuganda juu ya chuma, kwa hiyo mgonjwa lazima ameze dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake, na apimwe mara kwa mara kipimo kinachoitwa INR, kinachoonyesha damu yake inachukua muda gani kuganda. Kwa mtu mzima wa afya INR huwa karibu na 1. Ya mdogo wangu inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaganda kwenye valvu, na bonge likichomoka linakwenda kwenye ubongo. Ikipanda mno, anaweza kuvuja damu kwa ndani. Maisha yake yote yamo kati ya namba hizo mbili.

Tulirudi na karatasi nane, CD ya ECHO, na dawa za miezi mitatu. Dawa yenyewe ilikuwa asenokumaroli, ambayo madaktari wa India huitumia sana. Ilipokwisha tukazunguka maduka yote ya dawa ya mjini kwetu, hakuna. Muuzaji mmoja, mtu mwema kabisa, akatupa warfarini akasema kazi yake ni moja. Ni kweli kazi yake ni moja. Ila miligramu moja ya ile hailingani na miligramu moja ya hii; mgonjwa akihamia warfarini kwa kawaida huhitaji karibu mara mbili. Sisi tukaendelea na miligramu mbili zilezile. Tungejuaje?

Wiki ya sita ya warfarini, asubuhi, alikuwa anamimina uji. Kikombe kikamtoka mkono wa kushoto. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu maneno ambayo hayakuwa maneno, kama mtu mwenye pamba mdomoni, na mdomo umekwenda upande. Jirani akasema ni upepo mbaya, akachomewa ubani. Tulipoteza saa tatu nzima, na sehemu ya saa hizo ni kosa letu.

Hospitalini, nilipomweleza muuguzi wa mapokezi kwamba mgonjwa ana valvu ya chuma aliyowekewa India, alifunga daftari alilokuwa anaandika. "Kama mlipasuliwa India, faili lenu liko India. Wasilianeni na waliompasua." Nakunukulia sentensi hiyo kama ilivyosemwa, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikuandikie. CD hatukupata kompyuta ya kuisoma. Alitusaidia daktari kijana wa zamu, aliyechukua zile karatasi nane akazisoma zote akiwa amesimama, akaweka kidole kwenye jina la dawa ya ukurasa wa sita, akauliza, "Hii ndiyo anayomeza sasa?" Ndani ya nusu saa gari la wagonjwa lilikuwa njiani kwenda Mbeya. INR yake ilikuwa 1.3.

Amepona, namshukuru Mungu. Anaongea vizuri. Lakini mkono wa kushoto haushiki vitu vidogo. Alikuwa anajifunza cherehani, na fundi wake anasema mkono unaoongoza kitambaa ndio huohuo.

Mheshimiwa, nimetafakari sana sentensi ya yule muuguzi, na sina hasira naye. Alisema kile ambacho utaratibu mzima unasema kimyakimya: aliyekwenda nje kwa hela yake amejiondoa mwenyewe kwenye hesabu. Kwa serikali safari yetu iliishia uwanja wa ndege, wakati kwetu ndipo ilipoanzia. Upasuaji ulichukua saa tano. Kilichobaki ni miaka arobaini, na yote ataiishi hapa, kwenye wilaya hii, kwa maji haya na mboga hizi.

Nikitaja mboga, nieleze. Vitamini K iliyomo kwenye majani ya kijani hupunguza nguvu ya warfarini. Karatasi ya Chennai ilituandikia tuwe waangalifu na mboga ambazo hatujawahi kuziona sokoni kwetu. Matembele haikuyataja, wala mchicha, wala kisamvu. Masika mboga za majani ndizo mlo wetu wa kila siku. Kiangazi ni dagaa na maharage. INR yake ilikuwa inapanda na kushuka pamoja na mvua, tusijue kwa nini, mpaka mtaalamu mmoja wa lishe alipotufafanulia kwamba si lazima aache mboga, ila ale kiasi kilekile wiki kwa wiki. Jambo dogo hivyo. Tulikaa nalo mwaka mzima.

Kipimo chenyewe tunakifuata Mbeya. Anapanda basi la saa kumi na moja alfajiri. Nauli ya watu wawili, maana hatumwachi aende peke yake, na chakula, na gharama ya kipimo. Akipata majibu mabaya anatakiwa arudi baada ya wiki moja. Dawa inayopatikana kwetu siku hizi ni ya miligramu tano tu, na dozi yake siku mbili za wiki ni kidonge kimoja na nusu. Mama anakata kidonge kwa wembe juu ya kisosi, anapuliza unga, na nusu iliyobaki anaiweka kwenye kichupa cha mafuta ya nazi. Nusu hizo hazijawahi kulingana.

Kuna mashine ndogo za kupima INR kwa tone la damu ya kidole, kama zile za sukari, na jibu linatoka papo hapo. Hiyo ndiyo naomba ifike hospitali za wilaya, pamoja na vidonge vya warfarini vya nguvu ndogo visivyohitaji wembe. Warfarini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya anasa. Na sasa kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, naomba kipimo hicho na dawa hiyo viwe ndani ya kitita cha mafao bila mgonjwa kuulizwa alipasuliwa nchi gani.

Na msiniambie kufuatilia mgonjwa miaka na miaka ni jambo lisilowezekana katika nchi yetu. Tunalifanya. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ana kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya tiba na matunzo, ana namba, ana tarehe. Asipotokea anapigiwa simu, na mhudumu wa jamii anakwenda hadi mlangoni. Kijiji cha ndani kabisa kinajua utaratibu huo. Mwenye valvu ya chuma anahitaji kitu hichohicho: kadi, namba, tarehe, na mtu wa kuuliza kwa nini hukuja. Vivyo hivyo mwenye figo ya kupandikizwa, anayemeza dawa ili mwili usiikatae figo ya ndugu yake. Namfahamu mmoja, mteja wangu, aliyepandikizwa India mwaka 2016, kabla Muhimbili haijaanza huduma hiyo mwishoni mwa 2017. Kila baada ya miezi michache anakuja kwangu kuprinti cheti cha dawa kilichotumwa kwa barua pepe na daktari ambaye hajamwona kwa macho miaka yote hii.

Kuhusu mawakala nina neno fupi lakini kali. Anayetaka kumpeleka mgeni kupanda Mlima Kilimanjaro lazima awe na leseni ya biashara ya utalii, ile iliyozoeleka kwa jina la TALA. Nchi imeona kwamba kumpeleka mtu mlimani ni dhamana. Aliyempeleka mdogo wangu kufunguliwa kifua bara jingine hatukuwahi kuona leseni yake, wala hatukujua pa kuiulizia. Wekeni daftari la mawakala hawa mahali ambapo mtu wa kijijini anaweza kulisoma kwa simu. Wawajibike kuandika kamisheni yao kwenye makadirio, waandike siku za ziada zitagharimu kiasi gani, na waandike jina la hospitali ya hapa nyumbani itakayompokea mgonjwa akirudi. Asiyeweza kuijaza nafasi hiyo ya mwisho asimpakie mtu kwenye ndege.

Kuna jambo moja limenikosesha usingizi kuliko fedha zote. Valvu za kuwekewa ni za aina mbili. Ya chuma hudumu sana, lakini inadai warfarini maisha yote. Ya tishu za mnyama huchakaa, na kwa kijana huchakaa mapema, ikaja kubadilishwa, lakini kwa kawaida haidai dawa hiyo milele. Ni uchaguzi mgumu na sijui tungechagua nini. Ninachojua ni kwamba hatukuchagua. Hakuna aliyemuuliza binti wa miaka 19, Chennai wala hapa: unaishi wapi? Kipimo cha INR kiko umbali gani na kwenu? Unatarajia kuolewa na kuzaa?

Kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Tulilisikia hilo mwaka jana, posa ikiwa imekwishaletwa. Lilitoka mdomoni mwa mwanamke tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri majibu, ambaye mimba yake ya kwanza iliharibika. Mdogo wangu alinigeukia akaniuliza, "Dada, ulikuwa unajua?" Nikamwambia hapana. Sina hakika kama aliniamini. Sasa tunatafuta daktari wa moyo na daktari wa wanawake watakaokaa naye pamoja, kabla ya harusi, wampangie. Mchumba amekubali kusubiri.

Maswali yale matatu yanaingia kwenye fomu ya ukurasa mmoja, Mheshimiwa. Ijazwe na daktari wa hapa kabla mtu hajasafiri, awe anapelekwa na serikali au anajipeleka. Ikisafiri naye, daktari wa kule atajua anampasua mtu wa wapi. Akirudi, hospitali yake ya wilaya iwe na nakala, na ile sentensi ya "faili lenu liko India" ikose pa kusimama. Mnapoitangaza nchi yetu kwa utalii tiba, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, fomu hiyohiyo mwekeeni na Mkomoro atakayetoka Dar es Salaam na valvu mpya kurudi kisiwani kwake. Naye atafika nyumbani usiku, na dawa za miezi mitatu.

Mdogo wangu ana daftari la shule lenye jalada la bluu. Ameandika humo kila INR yake tangu Aprili 2023: tarehe, namba, dozi, na pembeni kwa mwandiko mdogo alichokuwa anakula wiki hiyo. Nimelitolea kopi lote, kurasa 31, nimeambatisha na barua hii. Ameniruhusu. Jumanne ijayo anakwenda tena Mbeya, na ukurasa wa 32 atauandika akiwa ndani ya basi la kurudi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mgonjwa,
Mwambao wa Ziwa Nyasa